Kwenda Dundori kutafuta nguvu

Msomaji, ukienda Dundori mwezi wa Julai usijisumbue kuamka alfajiri, kwani kabla ya saa tatu asubuhi hutaona kitu. Ukungu huteremka kutoka msituni ukafunika barabara, nyumba, hata ng'ombe waliofungwa kando ya njia, na dereva wa matatu hulazimika kuwasha taa na kupiga honi kila anapofika konani.

Safari yenyewe si ndefu. Unapanda gari mjini Nakuru. Samahani, jijini Nakuru, kwa maana mji huo ulipandishwa hadhi tarehe 1 Desemba 2021, ingawa makanga wangali wanaita "tao, tao" kama zamani. Mnafuata barabara kuu ya Nairobi na kukipita kilima cha Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimbua mabaki ya watu wa kale mwaka 1937. Punde mnafika Lanet, penye kambi ya jeshi ambayo wazee wanaikumbuka kwa maasi ya askari ya Januari 1964, wiki sita hivi baada ya uhuru.

Hapo gari linaiacha barabara kuu na kushika njia ya Ol Kalou. Ndipo mlima unapoanza. Mahindi yanapungua, na badala yake unaona viazi, kabichi, minji na karoti. Ukigeuka nyuma, na ikiwa jua limetoka, utaona Ziwa Nakuru likimetameta huko chini, pana kuliko lilivyokuwa miaka ishirini iliyopita, kwani maji yake yamepanda hadi yakameza lango kuu la zamani la mbuga ya wanyama. Upande wa pili umelala mlima Menengai, wenye shimo kubwa lililotokana na volkano.

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda huku unapita mita 2,000 bila kuambiwa na mtu, ila mapafu yako yanajua.

Watu wengi huja huku kununua kabichi za bei nafuu au kuwatembelea jamaa zao. Mimi, Julai 2024, nilikuja kwa sababu ya ini la mjomba wangu.

Nikueleze kwanza jinsi mambo yalivyokuwa. Mwaka 1986 mjomba alikuwa kijana wa miaka 24, utingo wa lori la mizigo. Gari lao lilipinduka karibu na Gilgil, akavunjika paja na kupoteza damu nyingi. Aliongezwa damu chupa tatu, akapona, akaoa, akalima. Hakujua kwamba huenda ndani ya mojawapo ya chupa hizo mlikuwa na virusi ambavyo wakati huo havikuwa hata na jina.

Huwezi kumlaumu daktari wala mwuguzi. Virusi vya hepataitisi C vilitambuliwa mwaka 1989, na kabla ya hapo hakuna hospitali duniani, iwe Nakuru au London, iliyoweza kuvipima katika damu. Wanasayansi watatu waliofanya kazi ya kuvifichua, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2020. Leo damu ya kuongezewa wagonjwa hapa Kenya hupimwa virusi vya ukimwi, hepataitisi B na C, pamoja na kaswende.

Nchi ya Misri ilipata pigo kubwa zaidi kwa njia kama hiyo. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa vijijini walidungwa sindano za kutibu kichocho, na sindano zenyewe hazikuchemshwa ipasavyo. Kichocho kilipungua, lakini hepataitisi C ikaenea kuliko karibu popote duniani. Ilibidi serikali ianze kampeni ya kupima mamilioni ya watu mwaka 2018. Majirani zetu Rwanda nao walitangaza mpango wa miaka mitano wa kuutokomeza ugonjwa huo Desemba 2018.

Ugonjwa huu hauna haraka. Unaweza kukaa mwilini miaka ishirini au thelathini bila kupiga hodi, huku ukilitia ini makovu kidogo kidogo. Mjomba alianza kuchoka. Akawa anawashwa mwili usiku. Watu wakasema ni uzee, wengine wakasema ni kisukari. Alipopimwa mwaka 2023, jibu likatoka: ana virusi, na ini lake lina makovu mengi.

Tiba yake ilikuwa tembe za kila siku kwa wiki 12. Ungekuwa miaka ya 1990, angedungwa sindano za intaferoni kwa miezi sita au mwaka mzima, akitetemeka kwa homa na kuumwa na viungo, na mwishowe pengine asipone. Tembe hizi za sasa huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Zilipoanza kuuzwa Marekani, mojawapo iligharimu dola 84,000 kwa wiki 12, yaani dola 1,000 kila tembe! Kampuni zilizopewa ruhusa ya kuzitengeneza kwa ajili ya nchi maskini zimeteremsha bei hata ikawa chini ya dola 100 kwa tiba nzima katika baadhi ya nchi.

Alimeza tembe ya mwisho Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024. Nyumbani tulichinja mbuzi. Na hapo ndipo tulipokosea, kwani sote tulidhani mambo yameisha.

Wiki iliyofuata nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mbao nje ya nyumba yake, amejifunika blanketi, nusu ya uso wake katika jua. Alikuwa amepungua mapaja na mabega. Shati lilimning'inia kama limeanikwa.

"Muihwa," aliniambia, maana hivyo ndivyo Wakikuyu wanavyomwita mtoto wa dada, "walisema nimepona. Mbona siwezi kufika kwenye kituo cha maziwa?"

Kituo chenyewe kiko umbali wa hatua 300 kutoka langoni.

Msomaji, swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu nimegundua si la mjomba peke yake. Virusi vikishafukuzwa, mwili hausimami siku hiyo hiyo ukaanza kukimbia. Ini ndilo ghala la mwili. Mchana huweka akiba ya sukari, na usiku, ukiwa umelala, huitoa kidogo kidogo. Ini lenye makovu lina ghala dogo. Usiku wa manane akiba inapokwisha, mwili hugeukia misuli na kuila. Mtu akiishi hivyo miaka mingi, mapaja huisha kama sabuni.

Kwa hiyo daktari wake alimpa agizo ambalo lilimshangaza anti, mke wa mjomba: mgonjwa asilale njaa. Kabla ya kulala apewe kitu, kama vile bakuli la uji wenye maziwa, au kiazi na yai. Asubuhi asikae hadi saa nne ndipo apate kifungua kinywa.

Anti alikuwa amemnyima mayai, nyama na maharagwe kwa miezi mitatu. Aliambiwa na jirani kwamba vyakula hivyo "vinachosha ini". Huo ni ushauri wa zamani, na hata madaktari waliwahi kuutoa, lakini siku hizi umeachwa. Mtu mwenye makovu ya ini anahitaji protini nyingi kuliko mimi na wewe, gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mjomba ana kilo 60, kwa hivyo anahitaji gramu 72 hadi 90. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe kikubwa cha maziwa gramu 8, na kikombe cha maharagwe yaliyoiva gramu 15. Piga hesabu uone kwamba sahani ya mukimo peke yake, hata iwe kubwa namna gani, haitoshi.

Bahati nzuri Dundori haikosi maziwa. Kila asubuhi utawaona watoto na akina mama wakiteremka na mitungi kupeleka maziwa kituoni. Mjomba akawa anabakiziwa lita moja ambayo zamani ingeuzwa. Anti alilalamika kidogo kuhusu pesa, kisha akanyamaza.

Halafu kuna suala la mazoezi. Usifikirie mambo ya ukumbi wenye vyuma na vioo. Aliambiwa atembee kila siku, aongeze kidogo kidogo, na mwendo wake uwe ule wa kumwezesha kuzungumza lakini asiweze kuimba. Tena ainuke kitini mara kumi bila kushika kitu, apumzike, arudie. Hilo la kiti lilimchekesha, akasema hata mtoto anaweza. Siku ya kwanza aliinuka mara nne.

Nilikaa naye siku tano. Siku ya kwanza tulikwenda hadi kwenye mkaratusi mkubwa ulio nusu ya njia ya kituo, akashika mti, tukarudi. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mvua ilinyesha, akakataa kutoka. Siku ya tano tulifika kituoni. Wanaume waliokuwa wakipima maziwa walinyamaza walipomwona. Mmoja wao alimpa mkono, wengine wakabaki na mikono mifukoni.

Nilikasirika, nakiri. Lakini hata nyumbani kwake mwenyewe, kikombe chake cha bati kilikuwa kimepakwa alama ya rangi nyekundu ya kucha chini ya mkono, ili kisichanganywe na vingine. Sitasema ni nani aliyekipaka.

Basi jua hivi: hepataitisi C haiambukizwi kwa kikombe, sahani, kusalimiana wala kula pamoja. Huambukizwa kwa damu. Usitumie wembe wa mwenzako, wala mswaki wake, wala chombo cha kutogea masikio kisichosafishwa. Siku hizi walio katika hatari kubwa zaidi hapa kwetu ni vijana wanaojidunga dawa za kulevya na kupokezana sindano. Chanjo ya hepataitisi B iko, ile ya C haijapatikana, na aliyepona anaweza kuambukizwa tena.

Nilirudi Nairobi nikiwa na matumaini. Kila Jumapili mjomba alinipigia simu kunipa taarifa ya safari zake. Amefika kituoni na kurudi bila kuketi. Amefika kanisani. Katikati ya Agosti viazi vikawa tayari kuchimbwa, na hapo nikaanza kuwa na wasiwasi.

Viazi vya Dundori ni jaribu kubwa kwa mwanamume aliyezoea kubeba. Kanuni za mwaka 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini mkulima yeyote atakueleza kwamba wanunuzi wengine bado huja na magunia yao yaliyoshonewa "kofia" juu. Mjomba alikuwa ameonywa asinyanyue vitu vizito, kwa kuwa ini lenye makovu linaweza kusababisha mishipa ya koo la chakula kuvimba, na kujikaza sana si salama. Siku ya kupakia lori alisimama kando na daftari, akahesabu magunia. Aliniambia baadaye kwamba hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama hiyo ya kusimama na kuandika.

Wiki hiyo mgongo ulimwuma na kijana wa duka la dawa akampa zile tembe za maumivu ambazo kila mtu hununua bila kuuliza. Nashukuru alipiga simu kwanza. Mwenye makovu ya ini aepuke diklofenaki na ibuprofeni. Parasitamoli anaweza kutumia, lakini asizidishe gramu 2 kwa siku, yaani tembe 4 za miligramu 500. Pombe asiiguse kabisa. Na zile chupa za mitishamba za "kusafisha ini" zinazouzwa kwenye vituo vya magari aziache huko huko, kwani zipo zilizowahi kuliharibu ini badala ya kulisafisha.

Jambo jingine la kuangalia huku juu ni mahindi. Mahali penye baridi na ukungu kama hapa, mahindi hukauka polepole, na yakihifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake. Kwa mtu ambaye ini lake limeshajeruhiwa, githeri ya mahindi yenye kuvu si chakula.

Kahawa, kwa upande mwingine, imeonekana kuandamana na ini lenye makovu machache kwa watu wanaoinywa kila siku. Mjomba, Mkenya wa kawaida anayeishi katika nchi inayosifika kwa kahawa duniani, hakuwa ameionja kwa miaka mingi. Aliijaribu, akasema ni dawa tu, akarudia chai yake.

Kisha, wiki ya nane baada ya tembe ya mwisho, simu ya Jumapili haikuja.

Nilipompata anti, aliniambia mjomba amelala na hataki kuongea. Alikuwa amekohoa siku kadhaa akaenda kwenye zahanati fulani, na huko, katika kumpima hili na lile, wakampima hepataitisi C kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu. Mistari miwili ikatokea. Mhudumu akamwambia, "Mzee, bado unao."

Mhudumu huyo hakuwa na nia mbaya. Lakini angejua, angenyamaza. Kipimo kile hakitafuti virusi. Kinatafuta askari ambao mwili uliwatuma kupigana navyo, na askari hao hubaki katika damu maisha yote hata baada ya vita kwisha. Mtu aliyepona kabisa ataonyesha mistari miwili leo, mwakani, na miaka kumi ijayo. Ndiyo sababu pia haruhusiwi kutoa damu. Kipimo cha kujua kama amepona ni kile cha kutafuta virusi vyenyewe, nacho hufanywa wiki 12 baada ya kumaliza tembe.

Nilimweleza hayo yote kwa simu. Alijibu "sawa", kwa sauti ya mtu ambaye hajasadiki. Hakutembea wiki nzima. Anti alisema alirudi kwenye kile kiti na blanketi lake, na uji wa usiku akawa anauacha ukapoa. Nilihesabu: nguvu aliyoitafuta kwa siku hamsini ilikuwa ikimwagika kwa sababu ya mistari miwili.

Tarehe 20 Septemba nilimchukua Dundori kwa matatu ya saa mbili asubuhi, tukaenda kutolewa damu. Majibu yalichukua siku sita. Mimi pia sikulala vizuri siku hizo sita, ingawa nilijifanya ninajua.

Virusi havikuonekana.

Daktari alituketisha akatuonyesha karatasi, akaweka kidole juu ya neno lenyewe ili mjomba alisome mwenyewe. Alimwambia aitunze karatasi hiyo pamoja na kitambulisho chake, na mtu yeyote akimpima tena kwa tone la damu amwonyeshe. Kisha akamwambia sehemu ya pili, ambayo si tamu sana: kwa sababu ya makovu aliyonayo, atapigwa picha ya ultrasaundi kila miezi sita, kwani hatari ya saratani ya ini imepungua lakini haijatoweka. Makovu yenyewe yanaweza kulainika baada ya miaka. Yanaweza pia kubaki.

"Na gunia?" mjomba aliuliza.

Daktari alicheka, akasema kwa sasa aanze na ndoo.

Niliporudi Dundori Januari 2025, sakitu ilikuwa imeunguza majani ya viazi katika mashamba ya bondeni, yamekuwa meusi kana kwamba yamepikwa. Anga lilikuwa safi. Mjomba alitaka nione msitu, kwa hivyo tukapanda hadi ukingoni, kilomita moja na nusu ya mlima mtupu. Mimi wa Nairobi ndiye niliyesimama kwanza kutafuta pumzi! Yeye aliketi mara mbili, mara ya pili juu ya gogo la saipresi, akanionyesha mbega weupe kwa weusi wakirukaruka kwenye miti ya asili iliyobaki upande wa mto. Mabega yake yalikuwa yameanza kujaa shati tena. Si yote. Alisema kuna siku anaamka amechoka bila sababu, na siku hizo hatembei, analala, na kesho yake anaanza tena.

Nyumbani tulinywa chai. Sikukiona kile kikombe chenye alama, na sikuuliza.

Nilipokuwa nikiondoka, mjomba alinifungia viazi kilo kama kumi katika mfuko, akauweka begani mwenyewe, akanipeleka steji. Nilijaribu kumpokea, akanikatalia. Alibadilisha bega mara mbili njiani. Makanga alipodai shilingi hamsini zaidi kwa ajili ya mzigo, mjomba alibishana naye kwa sauti kubwa hadi abiria wakageuka kutazama, na gari likaondoka nikiwa nimelipa ishirini.